Habari za Mgongo Unaouma

Ewe msomaji kijana, huenda ukashangaa kuona insha ya historia inayoanza kwa habari za mgongo. Umezoea kusoma katika somo hili habari za wafalme, za vita, za misafara na za mikataba; na mgongo, kwa fikira zako, ni jambo la wazee wanaoota jua asubuhi. Lakini hebu fikiri kidogo. Hakuna mfalme aliyejengewa boma, wala msafara uliofika pwani, wala shamba lililopandwa kahawa, ila kwa migongo ya watu. Kila penye mgongo uliobeba, pana mgongo uliouma. Na maumivu hayo yana historia yake, ambayo katika vitabu vyetu haikuandikwa sana.

Mimi nakaa Ngoingwa, kando ya barabara itokayo mjini Thika kwenda Mang'u. Mji wetu umekaa baina ya mito miwili, Thika na Chania, na tangu reli ilipofika hapa mwaka 1913 nchi hii imekuwa nchi ya kubeba. Magunia ya kahawa yamebebwa, matita ya katani yamebebwa, mananasi yamebebwa. Siku hizi Ngoingwa inajengwa nyumba za mawe upande huu na huu, na asubuhi nikifungua lango naona vijana wakipanda ngazi za miti, kila mmoja na mfuko wa saruji wa kilo 50 begani. Na bado naona, ingawa si wengi kama zamani, mama wazee waliobeba kuni kwa ule mkanda wa ngozi ambao Wakikuyu huuita mukwa, unaopita juu ya utosi karibu na paji la uso, na mzigo ukalala mgongoni. Mtazame mmoja wao akivua kitambaa chake: utaona bonde dogo kichwani, mahali mkanda ulipokaa miaka hamsini.

Kwa kuwa nakaa mahali kama hapa, ungedhani kwamba mimi ni mjuzi wa migongo. La. Nitakueleza kosa langu kwanza, ili uelewe kwa nini nimejitaabisha kusoma habari hizi.

Miaka minane iliyopita, nilipokuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili, mtoto mpole, ambaye jina lake nitalihifadhi. Siku moja chaki iliniponyoka ikaanguka karibu na dawati lake. Nikamwambia aniokotee. Hakuinama. Alishuka polepole kwa magoti, mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja ameuegemeza pajani, akaiokota chaki kwa uangalifu kama mtu anayeokota yai. Kisha akajiinua kwa kujikongoja, mikono ikipanda mapajani hatua kwa hatua. Darasa lilicheka. Mimi niliona kwamba ananifanyia mzaha, nikamsimamisha nyuma ya darasa mpaka kipindi kikaisha. Wiki ile ile, siku ya kulima bustani ya shule, aliposema kwamba hawezi kushika jembe, nilimwita mvivu mbele ya wenzake. Hakujibu neno.

Yule mtoto alilelewa na nyanya yake. Bibi huyo alikuja shuleni Jumatatu iliyofuata, amevaa viatu vya kanisani, akakataa kiti nilichompa. Akaniambia, "Mwalimu, mtoto wangu si mvivu. Usiku analia akigeuka kitandani. Mimi nadhani ni ndoo za maji ninazomtuma, ndizo zimemvunja." Nikamwambia, "Pole, nyanya, tutamwangalia," maana sikuwa na neno jingine. Tazama basi jinsi tulivyokuwa: yeye alilaumu mzigo, nami nililaumu tabia. Sote wawili tulikosea, lakini kosa lake lilikuwa na sababu iliyo nzuri zaidi kuliko langu. Kwa hiyo na tuanze na hoja yake, hoja ya mzigo.

Kabla ya reli kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, bidhaa zote za bara ya Afrika ya Mashariki zilisafiri juu ya watu. Mbung'o waliwaua ng'ombe na punda katika njia nyingi, na gurudumu halikuwa na barabara. Mpagazi wa msafara alichukua mzigo wa ratili 60 au 70, yaani kilo 30 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Na mwenye kubeba pembe kubwa ya ndovu aliweza kupewa zaidi. Wanyamwezi walisifiwa kuliko wote. Walibeba begani, na inasemekana bega la mpagazi wa Kinyamwezi lilikuwa na sugu ambayo kwao ilikuwa fahari, kama kovu la askari.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya mwaka 1914 hadi 1918. Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi ambazo si zao, na waliobeba vita hivyo ni wenyeji. Serikali ya Kiingereza ilikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi katika kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, chini ya Oscar Watkins. Ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina hilo likawa Kariakoo, na kwa Nairobi Kariakor, na mpaka leo watu hununua mboga na vitambaa mahali pale bila kukumbuka kwamba jina hilo ni la mizigo. Makumi ya maelfu yao hawakurudi. Wachache waliuawa kwa risasi. Walio wengi walikufa kwa kuhara, kwa homa ya mapafu, kwa malaria na kwa njaa. Waliohesabu maiti waliandika hesabu zao, ingawa si zote. Lakini waliorudi nyumbani wakiwa wameinama hawakuhesabiwa na mtu.

Hapa nataka nikueleze jambo moja la ajabu lililofanyika papa hapa Kenya. Mwaka 1986 wataalamu watano, mmojawapo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitangaza katika jarida la Nature la Uingereza matokeo ya kupima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani, na wanawake wa Kikikuyu wanaobeba kwa mukwa. Waliwatembeza juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, wakapima hewa ya oksijeni wanayoitumia. Wakaona kwamba mwanamke aliyezoea aliweza kubeba mzigo wa sehemu moja katika sehemu tano za uzito wake bila kutumia hewa zaidi ya yule anayetembea mikono mitupu. Mwanajeshi anayebeba shanta mgongoni hawezi hivyo. Kila ratili inayoongezwa, yeye hulipa. Baadaye, mwaka 1995, baadhi ya wataalamu hao walieleza sababu: wanawake hao, kwa mazoea tangu utoto, hutembea kwa namna inayofanya mwili kubembea kama timazi ya saa, na nguvu ya hatua moja haipotei bali hurudi katika hatua inayofuata.

Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hii, wasichana walipiga makofi. Nami nikawaambia wangoje. Kuokoa pumzi si sawa na kuokoa mifupa. Mashine ile ilipima hewa. Haikupima shingo, wala pingili za uti wa mgongo, wala jinsi mama yule anavyolala usiku. Na katika sifa hizi za mgongo wa mwanamke wa Kiafrika, mara nyingi naona udhuru wa wale wasiotaka kununua mkokoteni.

Ni kweli, basi, kwamba mzigo huumiza. Maumivu yaliyo mengi ya mgongo ni ya misuli na ya viungo vilivyochoshwa kwa kubeba, kwa kuinama au kwa kukaa vibaya, nayo kwa kawaida hupungua yenyewe katika wiki chache, mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Wakati mwingine kile kifuko laini kilicho baina ya pingili mbili huchomoza na kubana mshipa wa fahamu, na maumivu yakateremka mguuni kama moto. Jambo hili lilielezwa vema na madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, mwaka 1934. Wazee wetu walikuwa na dawa zao za mambo haya. Walikanda kwa maji ya moto na mafuta, walichanja chale, na pwani walipiga chuku kwa pembe. Sina haja ya kuwacheka. Mtu aliyekandwa na mkono wa upole hupata nafuu, na ugonjwa ambao ungepona wenyewe humpa mganga sifa yake. Hata daktari wa leo hupata baadhi ya sifa zake kwa njia hiyo hiyo.

Lakini uko mgongo usioumizwa na mzigo. Huu ndio niliokuwa siujui.

Safari ya kuujua ilianza Misri. Ipo hati ya mafunjo iliyonunuliwa Luxor mwaka 1862 na Mmarekani aitwaye Edwin Smith, iliyoandikwa kiasi cha miaka 3600 iliyopita, nayo ni nakala ya maandishi ya zamani zaidi. Ndani yake mna habari za wagonjwa 48, zimepangwa kuanzia kichwani na kuteremka. Mgonjwa wa 48 ameumia pingili ya mgongo. Tabibu anaagizwa amwambie anyooshe miguu yake kisha aikunje. Naye, asema mwandishi, ataikunja mara moja kwa ajili ya maumivu. Ukienda leo kwa daktari na mgongo unaokuuma, atakulaza chali na kukuinua mguu kwa sababu ile ile. Halafu hati inakatika katikati ya maneno. Mwandishi alisimama hapo, hatujui kwa nini, na dawa ya mgongo ule haikuandikwa.

Misri hiyo hiyo imetupa ushahidi mwingine. Mwaka 1910 wataalamu wawili, Elliot Smith na Ruffer, waliandika habari za maiti ya kuhani wa mungu Amun aitwaye Nesperehân, aliyekufa miaka kama 3000 iliyopita na mwili wake ukahifadhiwa kwa dawa. Mgongo wake ulikuwa umevunjika kwa mbele na kutokeza nyuma kama nundu, na kando ya mgongo palikuwa na mfuko wa usaha uliokuwa umeteremka mpaka kwenye nyonga. Hakubeba gunia, kuhani huyu. Alikuwa mtu wa hekalu.

Wayunani nao waliona. Hippocrates, aliyeishi baina ya miaka 460 na 370 hivi kabla ya Kristo, aliona kwamba watu wengi wenye kibiongo wana vinundu vibaya mapafuni. Aliona uhusiano huo kwa macho matupu, bila chombo chochote. Pia ameeleza dawa moja iliyotumika zama zake: mgonjwa alifungwa juu ya ngazi, kichwa chini au juu, ngazi ikapandishwa juu ya mnara kisha ikaangushwa wima, ili mgongo unyooke. Hippocrates asema kwamba yeye mwenyewe aliona haya kuitumia, kwa kuwa waliopenda dawa hiyo ni wale waliotaka kuwashangaza watu waliokusanyika, na mgonjwa akipona au asipopona si shauri lao. Waganga wa namna hiyo hawajatoweka duniani.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1779 mpasuaji wa London, Percivall Pott wa hospitali ya St Bartholomew, aliandika kitabu kidogo juu ya watoto na watu wazima ambao migongo yao hupinda na miguu yao ikapoteza nguvu. Kabla yake wengi walidhani kwamba watoto hao wameanguka, au wameangushwa na yaya. Pott alisema, la, ni ugonjwa unaokula mfupa kwanza, na kupinda hufuata. Ugonjwa ukapewa jina lake. Ulikuwa ugonjwa gani hasa, hakujua. Ilibidi kungoja zaidi ya miaka mia moja, mpaka tarehe 24 Machi 1882, ambapo Robert Koch alisimama mbele ya wenziwe mjini Berlin na kuwaonyesha kijidudu cha kifua kikuu. Ndipo ikadhihirika kwamba kifua kikuu si cha kifua peke yake. Kijidudu kile huingia mapafuni kwa pumzi. Kisha katika baadhi ya watu husafiri kwa damu na kukaa katika mifupa, na mfupa kinaoupenda kuliko yote ni uti wa mgongo. Mwaka 1895 Röntgen alivumbua eksirei, na madaktari wakaweza kuiona kazi yake katika mtu aliye hai.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Pingili za mgongo zimepangana kama matofali. Kijidudu hula sehemu ya mbele ya tofali moja, kisha ya jirani yake, pamoja na kile kilicho katikati yao. Sehemu ya mbele ikiisha nguvu, nguzo yote huinamia mbele, na nyuma hutokeza nundu. Usaha hukusanyika pole pole, bila joto kali kama jipu la kawaida, na huweza kuteremka ndani ya misuli mpaka kinenani, mahali ambapo hakuna mtu angedhania kwamba habari yake imetoka mgongoni. Nguzo ikizidi kuinama, au usaha ukizidi, uzi wa fahamu uliomo ndani hubanwa, na miguu hufa ganzi. Mtoto ndiye anayepata hasara kubwa, maana mgongo wake ungali unakua, na ukikua umepinda, huzidi kupinda.

Na mtoto huyo, msomaji wangu, hujilinda. Misuli ya mgongo wake hukaza kuzuia pingili zile zisisogee. Mwambie aokote kitu sakafuni: hatainama. Atachuchumaa na mgongo ulionyooka, mkono pajani, kisha atajiinua kwa kuyapanda mapaja yake kwa mikono. Ni dalili ya zamani, na madaktari wa mifupa huijaribu kwa sarafu wanayoitupa chini makusudi. Mimi niliijaribu kwa chaki, bila kujua ninalolifanya, na nikamwadhibu mgonjwa.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapa historia inarudi kwetu nyumbani.

Kwa miaka mingi dawa ya mgongo huu ilikuwa kulala. Ulaya watoto walilazwa nje, kwenye baraza za hospitali za milimani na za pwani, wamefungwa katika vitanda vya plasta, mwaka, miwili, hata mitatu, wakipigwa na upepo na jua. Katika nchi zetu vitanda vya namna hiyo vilikuwa vichache mno. Mgonjwa alikaa nyumbani, akapona na kibiongo chake, au asipone. Mwaka 1943 dawa ya streptomaisini ilipatikana Marekani, katika maabara ya Selman Waksman, kwa mikono ya kijana aitwaye Albert Schatz. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, kidonge cha bei rahisi. Kwa dawa hizi mbili na nyinginezo mgonjwa aliweza kupona, lakini ilimpasa kuzitumia mwaka mmoja na nusu au zaidi. Ni nani mwenye shamba, au mtoto mchanga, au kibarua, awezaye kurudi zahanati miezi kumi na minane bila kuchoka? Wengi walipopata nguvu walifunga mzigo wao wakaenda zao, na ugonjwa ukawarudia.

Lilikuwa pia swali la kitanda. Katika miaka ya 1960 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilisimamia majaribio ya kifua kikuu cha mgongo huko Masan na Pusan nchini Korea, Hong Kong, na Bulawayo. Huko Masan wagonjwa waligawanywa: wengine walilazwa kitandani miezi sita, wengine waliachwa watembee na kula dawa nyumbani kwao. Huko Pusan wengine walivishwa fulana ya plasta miezi tisa, wengine hawakuvishwa. Matokeo yakawa sawasawa. Kitanda hakikuongeza kitu, wala plasta. Kilichoponya ni dawa. Wafikirie sasa wale watoto wote waliofungwa miaka na miaka katika baraza za Ulaya.

Ama lile swali la miezi kumi na minane lilijibiwa huku kwetu. Mnamo mwaka 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na lile Baraza la Uingereza, chini ya uongozi wa daktari Wallace Fox, kujaribu kama kifua kikuu cha mapafu kinaweza kuponywa kwa miezi sita. Wagonjwa wa nchi hizi, ambao majina yao hayakuandikwa katika jarida lolote, walipewa streptomaisini na isoniazidi; baadhi yao wakaongezewa rifampisini, dawa mpya na ya bei kubwa wakati huo, na baadhi pirazinamidi, dawa iliyokuwapo lakini haikuthaminiwa. Habari za kwanza zilichapishwa mwaka 1972. Waliopewa rifampisini au pirazinamidi walipona kwa miezi sita, na ugonjwa uliwarudia wachache tu. Jaribio hilo na yale yaliyolifuata yaligeuza matibabu ya kifua kikuu katika dunia nzima. Mgonjwa wa London au wa Chicago anayemaliza dawa yake katika nusu mwaka ana deni kwa watu wa Nairobi na Kampala wa zama zile. Ukiulizwa Afrika ya Mashariki imeipa nini sayansi ya utabibu, una la kujibu.

Sikusema kwamba ugonjwa umekwisha. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipodhoofisha kinga za watu, kifua kikuu kilifufuka kwa nguvu, na pamoja nacho kifua kikuu cha mifupa. Chanjo ya BCG, iliyoanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1921, hupewa watoto wetu wanapozaliwa, nayo huwakinga na aina mbaya za ugonjwa huu wakiwa wadogo, lakini haimkingi kila mtu maisha yake yote.

Kwa kuwa tumefika hapa, nitapita upesi katika magonjwa mengine mawili ya mgongo ambayo yana habari zao katika nchi zetu.

La kwanza hutoka katika maziwa mabichi. Askari wa Kiingereza waliokaa kisiwani Malta waliugua homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, na maumivu makali ya mgongo na nyonga. Mwaka 1887 daktari wa jeshi David Bruce alikipata kijidudu chake, na ndiyo maana ugonjwa huitwa bruselosi. Ilichukua miaka 18 mpaka daktari mwenyeji wa Malta, Themistocles Zammit, alipogundua mwaka 1905 kwamba kijidudu hicho kimo katika mbuzi, wenye afya nzuri kabisa kwa kuwatazama. Askari wakakatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikatoweka jeshini. Bruce huyo huyo ndiye aliyekuja Uganda mwaka 1903 katika habari ya malale. Ugonjwa wake wa Malta nao tunao, kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia wetu. Na dawa ya kuuzuia ni sufuria ya maziwa iliyochemka.

La pili hutoka katika maji. Katika Bonde la Ufa, pande za Nakuru na Naivasha, na huko Tanzania pande za Arusha, maji ya visima vingi yana madini ya floraidi kwa wingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Kila mtu amewaona watu wa pande hizo wenye meno ya rangi ya kahawia. Wachache wanajua kwamba mtu akiyanywa maji yenye floraidi nyingi sana miaka mingi, hata mishipa inayofunga pingili zake huweza kugeuka kuwa mfupa, na mgongo ukakakamaa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imekuwa ikisafisha maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na sijui kama kuna mfano mzuri kuliko huo wa mfupa mmoja kuusaidia mwingine.

Ziko sababu nyingine: mawe ya figo, saratani iliyosambaa, ugonjwa wa selimundu, mifupa iliyopungua nguvu kwa uzee. Sitazieleza zote. Lakini maadamu wewe unakaa na wadogo zako na wazee wako, jua haya: mgongo unaouma usiku wakati mtu amepumzika, unaouma pamoja na homa au kukonda, unaouma huku miguu inalegea au mkojo haujizuii, au unaomuuma mtoto wiki baada ya wiki, si mgongo wa kupakwa mafuta na kusubiri. Ni wa kupelekwa hospitali.

Nyanya yake yule mtoto alimpeleka. Alipoondoka ofisini kwangu hakungoja nimwangalie, kama nilivyoahidi. Siku ya pili yake alimchukua mpaka hospitali mjini Thika, wakapanga foleni tangu alfajiri. Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana. Hakumwuliza habari za ndoo. Aliangusha kalamu yake chini akamwambia aiokote.

Picha ya eksirei ilionyesha pingili mbili zimeliwa kwa mbele. Alipewa dawa, bila kulipa, maana dawa za kifua kikuu katika vituo vya serikali hutolewa bure. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa mfupani aliambiwa atazinywa mwaka mzima, si miezi sita. Hakulazwa miaka, wala hakufungwa katika plasta. Alitembea. Miguu yake haikupata kufa ganzi, ingawa daktari alisema kwamba ingalichelewa muhula mmoja zaidi, asingeliahidi neno. Hapa Thika ipo shule ya Joytown, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1962 kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Nilikwenda huko wakati ule, kwa mara ya kwanza tangu nihamie Ngoingwa, nikakaa uani nikatazama watoto wakicheza mpira katika viti vya magurudumu.

Aliporudi darasani nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliomcheka. Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri. Aliniangalia akasema, "Haidhuru, mwalimu," kwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe ili somo liendelee. Alirudia kidato kile mwaka uliofuata. Kila mwisho wa mwezi aliomba ruhusa ya asubuhi kwenda kuchukua vidonge vyake, na mwezi wa kumi na mbili alirudi mapema kuliko kawaida, akaniletea kadi yake ya kliniki nione muhuri wa mwisho. Katikati ya mgongo wake kimebaki kigongo kidogo, ambacho huwezi kukiona akiwa amevaa shati.